Habari za Watu wa Nasik, na Jinsi Dini Yao Ilivyoonekana Katika Kazi

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia jinsi mwili wa Dr. Livingstone ulivyochukuliwa na watu weusi kutoka bara mpaka pwani. Habari hiyo husomwa mashuleni, na picha yake imetundikwa katika nyumba nyingi. Walakini wachache wajua kwamba miongoni mwa wachukuzi wale walikuwamo vijana waliosomeshwa Bara Hindi, nao walikuwa ndugu wa watu waliojenga Rabai na Freretown karibu na Mombasa. Kwa hao twataka kusema leo, maana twaona kwamba dini yao yafahamika zaidi kwa kazi walizozifanya kuliko kwa maneno yaliyosemwa juu yao.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi mtu wa Afrika alivyopata kusoma Bara Hindi. Katika miaka ile majahazi ya watumwa yalikuwa yakitoka pwani yetu kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuyakamata. Jahazi likikamatwa, watu waliomo hawakuweza kurudishwa kwao, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali barani, na njiani wangalikamatwa tena. Basi wengi walipelekwa Bombay. Watoto wakagawanywa, wengine wakatiwa katika mikono ya wamisionari. Mwaka 1854 Bwana W. S. Price wa Church Missionary Society, ndiyo CMS, alianzisha kijiji cha Kikristo karibu na mji wa Nasik, akakiita Sharanpur, maana yake ni mahali pa kukimbilia. Huko watoto wa Afrika walisomeshwa kusoma na kuandika, wakafundishwa na kazi za mikono pia, kama useremala na uhunzi. Mtoto aliyetekwa katika nchi ya Wayao au ya Wanyasa, akauzwa Kilwa, akatolewa jahazini, alikuja kuwa fundi wa kushika randa katika nchi ya Wahindi, akisali kwa Kiingereza. Wengi walikuwa wamekwisha sahau lugha za mama zao.

Dr. Livingstone alipopita Bombay mwaka 1865 aliomba vijana wa Nasik wafuatane naye, akapewa tisa. Hapa hatutaki kuwapamba watu wetu kupita kiasi. Katika hao tisa wengi hawakumpendeza. Alinung'unika sana kwamba walikuwa wavivu, wengine wakamwacha njiani. Mmoja aliyeitwa Edward Gardner alidumu naye mpaka mwisho. Kusoma shule ya misheni peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu, na sisi waalimu twalijua jambo hili kuliko watu wengine. Kisha mwaka 1872 walipelekwa vijana wengine sita, wakaja pamoja na wapagazi aliowaandika Bwana Stanley. Katika hao walikuwamo Jacob Wainwright, Matthew Wellington na Carus Farrar. Hao ndio waliofika kijijini kwa Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia, na huko bwana wao akafa mwanzo wa mwezi wa Mei 1873. Watumishi wake walimkuta kibandani, amepiga magoti kando ya kitanda kama mtu asaliye.

Tuyatazame waliyoyafanya asubuhi ile, maana si madogo. Bwana amekufa. Wao ni watu sitini hivi, katikati ya nchi ngeni, masika imewaharibu afya, na mali ya marehemu iko mikononi mwao. Hapana Mzungu wa kuwauliza neno. Wangaliweza kugawanya nguo, shanga na bunduki, kisha kila mtu akashika njia yake. Badala ya hayo waliitana wote pamoja, masanduku yakafunguliwa mbele ya macho ya watu wote, na Jacob Wainwright akakaa chini na daftari ndogo akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo. Kisha wakawachagua Susi na Chuma wawe wakubwa wa safari, wakaahidi kuwatii.

Twapenda sana habari ya orodha ile. Watu hukumbuka moyo wa Livingstone uliozikwa chini ya mti, nao wafanya vema. Lakini mwandishi yule kijana aliyehesabu sufuria na vyombo vya kupimia jua, huku maiti ingali kibandani, alifanya kazi iliyokuwa ngumu kama ya kuzika. Kila mtu aliyepata kutunza sanduku la fedha la kanisa, au ghala ya shule, atatuelewa.

Basi wakashauriana kuuchukua mwili mpaka pwani. Walijenga boma mbali kidogo na kijiji, na ndani yake kibanda kisicho na paa ili jua liingie. Farijala, aliyepata kumtumikia daktari mmoja Unguja, akaupasua mwili, akatoa moyo na matumbo, yakatiwa katika sanduku la bati yakazikwa chini ya mti mkubwa. Na Jacob akasoma sala za maziko katika kitabu chake. Kisha wakautia chumvi, wakauacha juani siku kumi na nne, wakiugeuza kila siku. Wakaufunga kwa nguo, na juu yake gome la mti, na juu yake turubai, wakapaka lami. Jacob akachonga katika mti jina la marehemu na tarehe. Chitambo mwenyewe, ambaye kwanza walimficha habari kwa kuogopa kutozwa mali, alipojua aliwatendea wema, akaomboleza pamoja nao.

Tusiwakosee haki wale wasiokuwa wa Nasik. Wengi wa wapagazi hawakuwa Wakristo. Susi mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wao, wakati ule alikuwa Mwislamu. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa David. Chuma alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865. Uaminifu ule ulikuwa wa watu wa dini mbili na wasio na dini pia, na Mkristo asiyeweza kuukiri wema wa jirani yake asiye Mkristo anajinyima mwenyewe.

Njia ilikuwa ndefu, miezi tisa hivi kwa jumla. Walilala mwezi mzima kwa ajili ya maradhi, Susi naye akiwa mgonjwa. Walipofika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora, mwezi wa Oktoba 1873, walimkuta Bwana Cameron, mwanamaji wa Kiingereza. Yeye aliwashauri wazike mwili pale pale, kwa kuwa mbele njia ina hatari. Tena akavitwaa baadhi ya vyombo vya marehemu vya kupimia, jambo ambalo halikuwapendeza. Kuhusu vyombo walinyamaza. Kuhusu mwili walisema hapana. Hebu fikirini: mpagazi mweusi, katika mwaka 1873, kumwambia ofisa Mwingereza hapana, tena kwa adabu, kisha kuendelea na safari yake!

Walipopata habari kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao, walifanya hila. Walikata mabua ya mtama kwa kipimo cha mtu, wakayafunga kwa nguo kama maiti, wakawapa watu sita waaminifu warudi nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku ule watu sita waliyatupa mabua porini, moja moja, wakarudi kwa njia nyingine. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya, ukawa mfano wa robota la nguo la kawaida, ukapita mbele ya macho ya watu wote. Tukiwafundisha watoto habari hii, sikuzote yuko mmoja atakayeuliza, Je, Mwalimu, ule haukuwa uongo? Swali ni zuri, na sisi hatukubali kulifunga kwa haraka. Huwaacha wabishane kidogo kabla ya kengele kulia.

Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo. Balozi wa Kiingereza wa Unguja akauchukua, nao wakalipwa mishahara yao wakaambiwa waende zao. Jacob Wainwright peke yake alifuatana na jeneza mpaka Uingereza kwa msaada wa CMS, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolishika katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha kupita. Wakasaidia kusomwa kwa madaftari ya safari hata yakapigwa chapa mwaka ule ule. Chama cha Jiografia cha London kilitengeneza medali za fedha kwa ajili ya wapagazi wote, lakini zilipofika pwani wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Sasa twende Rabai. Misheni ya Rabai ilianzwa na Dr. Krapf na Bwana Rebmann mwaka 1846, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Waliobatizwa katika miaka ya kwanza walikuwa wachache mno. Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, kiwete, ambaye alibatizwa karibu na kufa kwake mwaka 1851. Mwaka 1864 vijana wa Nasik, William Jones na Ishmael Semler, walikuja pamoja na wake zao kumsaidia Rebmann. Walikuwa Waafrika, lakini Wanyika waliwaona kuwa wageni kabisa, maana walivaa suruali na viatu, na Kiswahili chao kilikuwa cha kujifunza. Huu ulikuwa mtihani wao. Mtu mwenye ngozi ya nyumbani lakini desturi za mbali hupendwa polepole, nasi hatujui njia nyingine ya kumaliza ugeni ila kukaa, kulima, kuzaa watoto mahali pale, na kuzika maiti zako pale.

Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha kuchukua watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Yule Sir Bartle Frere aliyetumwa na Serikali ya Uingereza kuuleta mkataba huo aliwashauri CMS wajenge mji wa mahuru karibu na Mombasa. Bwana Price akaitwa kutoka Bara Hindi, naye mwaka 1875 akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, akaiita Freretown. Watu wengi wa Nasik wakaja pamoja naye au kumfuata. Katika mwaka ule ule manowari zilileta mamia ya watu waliotolewa majahazini, wengi wao watoto, wamekonda, wenye upele na macho ya hofu.

Fikirini kazi iliyowakabili wale mafundi. Mwitu wa kufyekwa, visima vya kuchimbwa, mawe ya kuchongwa, chokaa ya kuchomwa, mbao za milango na za madawati. Tena kufundisha, kutunza wagonjwa, kuwagawia watu chakula na nguo, kuamua ugomvi wa watu ambao hawakuwa na lugha moja. Fundi wa Nasik mchana alikuwa na randa mkononi, jioni ana kitabu. Katika mahali kama pale mateka mpya hakuweza bado kusikia mahubiri, kwa kuwa hakuielewa lugha. Lakini aliweza kuona kama yule mtu aliyekula shibe alimgawia sawasawa au alimpunja. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza la Ukristo, na wengine walilisoma vizuri, wengine vibaya.

Ndiyo, vibaya pia. Haifai kuandika historia kana kwamba Freretown ulikuwa mji wa malaika. Msimamizi mmoja Mzungu, asiye padre, alizoea kuwafunga watu na kuwapiga viboko kwa makosa yao, hata habari zikafika Uingereza, na mwaka 1881 uchunguzi ukafanywa, naye akaondolewa. Watu waliotolewa katika mjeledi wa Mwarabu wakakutana na mjeledi mwingine katika kivuli cha kanisa! Bwana Price ilimbidi arudi tena mwaka 1882 kutengeneza mambo. Watu wa Nasik nao walikuwa na manung'uniko yao juu ya mishahara na heshima, maana walifanya kazi zile zile walizozifanya Wazungu, wakahesabiwa kuwa wadogo. Twaona manung'uniko hayo yalikuwa na haki, ingawa wako wasemao kwamba mtumishi wa Mungu asihesabu fedha. Mwenye kusema hivyo mara nyingi ni mtu ambaye mshahara wake haujapungua. Baadaye reli ilipoanza kujengwa, mwaka 1896, mafundi na waandishi wengi wa misheni waliingia katika kazi za reli na za Serikali, wala hatuwezi kuwalaumu. Mkristo katika karakana ya reli aweza kuwa Mkristo.

Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Askofu alisafiri kwenda Uganda kwa njia mpya ya Umasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika kwa Sundu, mahali paitwapo sasa Mumias, Askofu alimwachia Jones watu wengi na mizigo, yeye akaendelea na watu hamsini hivi. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, Kabaka wa Buganda, na karibu watu wake wote waliuawa pamoja naye. Wachache waliookoka walimfikia Jones na habari ile.

Hapa tena twaona jambo lile lile la kwa Chitambo. Mkubwa amekufa, njia ni ya hatari, na mtu mweusi mmoja ana roho za watu zaidi ya mia mikononi mwake. Jones hakukimbia. Alingoja karibu mwezi mzima, labda atapatikana mwingine aliye hai. Kisha akauongoza msafara, wengine wagonjwa, wengine karibu uchi, mpaka ukafika Rabai mwanzo wa Februari 1886. Walikuja na bendera ya samawati iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja tu, Ikabodi. Msomaji wa kitabu cha Samweli ajua maana yake, kwamba utukufu umeondoka.

Baada ya hayo Jones alikaa Rabai kama mchungaji, na hapo ndipo tunapofikia jambo lililo gumu kuliko yote katika habari hii.

Mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya baharini. Haukumwacha huru mtumwa aliyekuwa shambani. Mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi yalilimwa na watumwa, na kwa sheria ya nchi mtumwa alikuwa mali ya bwana wake. Wengine walitoroka wakakaa katika vijiji vya watoro mwituni. Kimoja kilikuwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ambako Wakristo Wagiriama walikaa pamoja nao. Na kiongozi wao David Koi aliuawa kwa ajili hiyo mwaka 1883. Wengine walikuja Rabai. Walikuja usiku, mmoja mmoja, wengine na mwanamke na mtoto.

Sasa yampasa mchungaji afanye nini? Misheni ilikuwa imekwisha kutoa neno kwa Serikali kwamba haitapokea watoro. Neno la Mkristo ni neno. Mabwana walikuwa na silaha, na mwaka 1880 walikuwa wamekwisha kutishia kuivamia Freretown na kuiteketeza. Mtoro mmoja aweza kuleta vita juu ya wajane na watoto mia. Hayo ni upande mmoja. Upande wa pili yuko mtu mlangoni, mgongo una makovu, na ukimrudisha wajua atakalofanyiwa kesho. Sheria ya Musa, aliyoisoma Jones tangu Sharanpur, yakataza waziwazi kumrudisha mtumwa kwa bwana wake aliyemkimbia. Tena Jones mwenyewe na mkewe walikuwa watoto wa jahazini. Ni nani angalimwambia kwamba yeye alistahili kuokolewa na huyu hastahili?

Watoro hawakufukuzwa. Walipewa nafasi ya kujenga, wakalima muhogo na mahindi, wakafanya kazi za kibarua, watoto wao wakaenda shule, na wengi wakaandikwa katika darasa la ubatizo. Twaweza kuona kwamba neno la misheni halikushikwa sawasawa, nasi hatusemi kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini tukilazimishwa kuchagua, twachagua kusimama pale mlangoni pamoja na Jones.

Mwaka 1888 mambo yakafunuka. Kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa Company, ilikuwa imepewa na Sultani kazi ya kutawala pwani, na mkubwa wake, Bwana George Mackenzie, alipofika Mombasa mwezi wa Oktoba alikuta mabwana wa watumwa wamekasirika sana. Walisema, Misheni ni wezi, wanatuibia mali yetu chini ya kivuli cha dini. Walitaka watu wao warudishwe wote. Bwana Price alikuwa amekuja tena mara ya tatu, na watu wakaanza kuhesabiwa. Hesabu ikashtua watu wote. Rabai, na katika misheni za Kimethodisti za Ribe na Jomvu, watoro walikuwa zaidi ya 1,400.

Kwa siku chache ilionekana kwamba damu itamwagika. Watoro walisema kwamba wangekufa kuliko kurudi, na wengine walikuwa tayari kukimbilia mwituni. Kama wangalirudishwa, kanisa la Rabai lingalikwisha siku ile, hata kama majengo yangalibaki. Maana ni nani angaliyasadiki tena maneno ya mhubiri? Kama wangalizuiwa kwa nguvu, pwani yote ingaliingia vitani. Bwana Mackenzie akatafuta njia ya tatu. Alipatana na mabwana wapokee riale 25 kwa kila mtu, na kila mtu apewe cheti cha uhuru. Fedha zilitoka katika Kampuni, na sehemu ilichangwa na watu wa Uingereza.

Wako wasiopenda shauri lile. Husema kwamba malipo yangaliwapasa waliofanya kazi bure miaka mingi, wala si wale waliowafanyisha. Neno hili ni la kweli, wala hatuna la kulijibu, isipokuwa kwamba vyeti vilitolewa na hakuna aliyekufa.

Tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai tangu asubuhi. Majina yaliitwa moja moja, nao wakaja mbele kupokea karatasi zao. Kuita majina zaidi ya elfu si kazi ya saa moja. Mtumwa wa shamba mara nyingi alikuwa na jina alilopewa na bwana wake, la siku aliyonunuliwa au la mzaha, na wengi wa Rabai walikuwa wamekwisha kupata majina mapya kwa ubatizo. Basi ilibidi kila mtu ajulikane ni nani, na bwana wake alikuwa nani, ndipo apewe chake. Hivi ndivyo kazi ya daftari ilivyorudi tena, kama kule kwa Chitambo, na watu wa misheni waliojua kuandika walikuwa na la kufanya.

Utumwa wenyewe uliendelea pwani miaka mingine kumi na minane. Unguja sheria yake ilifutwa mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wale wa 1889 walibaki wengi Rabai, wakaoleana na watu wa Nasik na Warabai, hata ikawa vigumu kujua ni mjukuu wa nani aliyetoka wapi. Waalimu waliotoka Rabai na Freretown walipelekwa Taita, Taveta na mbali zaidi. Shule ya kuwafundisha wachungaji ilifunguliwa Freretown mwaka 1903, nayo mwaka 1930 ikahamishiwa Limuru. Jacob Wainwright alikufa Urambo mwaka 1892. Matthew Wellington, ambaye jina lake la utotoni lilikuwa Chengwimbe, aliishi kuliko wenzake wote waliouchukua mwili wa Livingstone. Alifanya kazi za Serikali Mombasa mpaka uzeeni, akafa mwaka 1935. Ng'ambo ya kisiwa ingaliko kengele ya zamani ya Freretown juu ya mnara wake mdogo kando ya barabara kuu, na watu wa magari na masoko, ambao wengi wao hawajapata kuuliza sababu, huita mahali pale Kengeleni.